Nyasi za Malisho ya Mzee Koinet

Sogeeni, nina kesi ambayo mimi mwenyewe imenishinda kuamua.

Katika nyanda za Longido waliishi ndugu watatu, watoto wa Mzee Koinet. Semeyan alitambua nyasi kwa masuke. Lekishon alizitambua kwa kupapasa pale jani linapokumbatia bua. Nailepu, kifunguamimba, alizitambua kwa mizizi.

Mwaka mmoja nyasi ngeni zilivamia malisho yao. Ng'ombe walizisusa, na kila zilipoota, nyasi za asili zilikufa. Mzee Koinet, mgonjwa kitandani, akasema, "Mtamba wangu mwekundu ni wa atakayeyaokoa malisho."

Kusini nyasi zilikuwa zimechanua. Semeyan akatazama: suke la asili lina manyoya kama mkia wa mbweha, lile geni limeachana kama vidole. "Ng'oeni hizi," akasema. Wakang'oa.

Katikati, mbuzi walikuwa wamekula masuke yote. Lekishon akapapasa viungo vya majani: nyasi za asili zina vinyweleo, ngeni zina kiwambo chembamba kama ganda la kitunguu. "Hizi hapa." Wakang'oa.

Kaskazini moto ulikuwa umeacha visiki vyeusi tu. Nailepu akachimba. Mizizi ya asili ilikaa kishungi. Ile ngeni ilitambaa chini kwa chini kama kamba yenye mafundo. Wakaifukua yote.

Lakini Nailepu alijua nyasi zile zilikotoka. Miaka mitatu nyuma alirudi kutoka safari ya mbali, tandiko la punda wake limejazwa nyasi kavu za huko. Lilipasukia hapo hapo kaskazini, mbegu zikamwagika. Mvua iliponyesha aliona shina moja geni, la kung'oa kwa mkono mmoja. Akaona aibu kuulizwa limetoka wapi. Akalipita.

Kazi ilipokwisha alikimbia nyumbani kukiri. Mama akamzuia mlangoni.

"Baba yenu ametutoka, mwanangu. Alikuwa akiuliza kama nyasi zimerudi."

Nailepu akawaeleza wenzake yote.

"Basi mtamba si wako," Lekishon akasema.

"Bila dada, mizizi ya kaskazini ingeturudia sote," Semeyan akajibu.

Nailepu hakujitetea. "Ningeinama siku ile," akasema, "baba angekufa akiyatazama malisho yake."

Mtamba yumo zizini hadi leo, na mwenye kauli amekwisha kuzikwa. Semeyan, Lekishon, au Nailepu aliyeponya alichokiua? Wewe uliyenisikiliza, ungemkabidhi nani kamba?