Haya ya Zuwena

Hapo zamani, nanyi mnaopenda kuhukumu mapema ngojeni kwanza nimalize, palikuwa na msuka mikeka mmoja, Mwanakombo, na binti yake wa miaka kumi na sita, Zuwena. Alikuwapo na mdogo mtu, Shemsa, lakini homa ilimchukua. Tangu azikwe, Zuwena akawa anamsikia akimwita kutoka kisimani. Asubuhi anamsikia. Adhuhuri anamsikia. Hali, hasuki, haogi. Mara mbili Mwanakombo alimkuta ameshaingiza mguu mmoja kisimani, na mara zote mbili alimvuta kwa nywele, maana pa kushika palikuwa hapo tu.

Basi akaenda kwa mganga, Bi Tatu, aliyekuwa na dawa ya kunyamazisha sauti kama zile. Ilinywewa vikombe viwili, vikipishana mwezi mmoja. Ila Bi Tatu alikuwa na sharti: msichana aliyekwisha kuvunja ungo hapewi dawa mpaka atoe neno lake mwenyewe.

"Mwanangu, utakunywa?"

"Sitaki, mama. Shemsa kaniachia sauti yake tu."

Kesho yake Mwanakombo akauliza tena. Akabembeleza, akalia, akauliza tena. Zuwena akageukia ukutani.

"Haya, mama."

Hiyo haya mnaijua. Kuna haya ya kukubali, na kuna haya ya mtu aliyechoka kusemeshwa. Mwanakombo alijua hii ni ipi. Mama gani asingejua? Lakini alikuwa amechoka kukiogopa kisima, masikini, akaibeba ile haya mbio mpaka kwa Bi Tatu. "Amesema haya." Bi Tatu naye hakwenda kumuuliza mgonjwa, akakoroga dawa. Kikombe kilipofika mdomoni, Zuwena hakupigana. Nguvu za kupigana hakuwa nazo.

Siku ya tatu akaomba uji. Siku ya saba akashika ukili, akasuka. Siku ya kumi akacheka, na Mwanakombo akaingia jikoni kulia kwa furaha. Lakini sauti ya Shemsa ilikuwa imekwenda, kisimani na kichwani pia. Zuwena hakukumbuka hata mdogo wake alivyokuwa akilitamka jina lake.

Mwezi ukaisha. Safari hii Bi Tatu alikuja mwenyewe na kikombe cha pili, akaonya kwamba kisiponywewa, sauti itarudi. "Zuwena, utakunywa?"

"Sitaki," alisema Zuwena, akili zake zote mahali pake. "Mara ya kwanza sikukubali, na mama anajua. Leo nisikilizeni, maana leo mimi si mgonjwa. Mwacheni Shemsa arudi. Kisimani nitakwenda kuchota maji tu."

"Hiyo akili unayonikatalia nayo umeipata kikombeni," alisema Mwanakombo. "Mimi nimeshazika mmoja. Nichukie, mwanangu, lakini unichukie ukiwa hai."

Bi Tatu akashusha pumzi. "Sharti langu nililivunja, mtoto akapona. Leo nikilishika, naye akafa, nitakuwa nimeshika nini?" Akakiweka kikombe juu ya mkeka, kati ya mama na mwana, akarudi nyuma.

Sasa dawa ile ikipoa haina kazi tena, na mvuke wake umeanza kupungua. Mwanakombo anamtazama bintiye. Binti anamtazama mamaye. Semeni upesi, wenzangu: je, nani alistahili kukishika kile kikombe, aliyekuwa tayari kukinywesha au aliyekuwa tayari kukimwaga?