Jimbo la Mifupani

Ukame wa mwaka ule haukubagua mwenye pembe wala mwenye kucha. Mito ilikauka, nyumbu wakahamia kusini kufuata majani, na waliobaki wakawa wanatembea kutwa nzima kufuata maji kwenye kisima pekee, kile cha Jimbo la Mtoni. Simba, mfalme wa nyika, alikuwa na sheria moja: kila jimbo lipate kisima chake, na mfuniko ushikwe na mbunge.

Fisi alipoitafakari sheria hiyo, mate yalimtoka. Mwenye mfuniko hana haja ya kumfukuza swala. Swala humjia mwenyewe, tena kwa foleni.

Akaenda kwa Simba, uso ameukunja kwa huruma. "Mfalme mtukufu, wananchi wa mashariki wanateseka. Wapewe jimbo lao." Wananchi hao alikuwa akiwafahamu kwa ladha tu.

"Kisima kitaitwa kwa jina langu?" Simba akauliza.

"Na jiwe la msingi utaliweka wewe."

"Basi jimbo ligawanywe."

Likaitwa Mifupani, na Sungura akateuliwa kuchora mpaka kwa kijiti. Fisi alimfuata bega kwa bega, akielekeza kwa pua. Mapango ya binamu zake yakawa ndani. Kilima cha pundamilia kikawa nje. Mpaka ukapinda na kupindika kama utumbo.

"Mzee Fisi, mpaka huu unafuata nini?"

"Unafuata mto."

"Mto upi?"

"Ule uliokauka. Wewe chora!"

Walipofika kwenye uwanda mkubwa wa majani, Sungura akasimama. "Hapa pana wenyewe, mzee."

"Wako wapi? Mimi sioni hata kwato. Uwanda uingie!" Fisi alikuwa ameona mbali: majani yakiota, nyama itarudi, na itarudi jimboni kwake. Ubunge bila kitoweo ni wa nini?

Kisha akapiga hesabu ya kura. Swala na ngiri waliobaki ndani ya mpaka walikuwa wengi kuliko fisi. Akarudi kwa Simba na pendekezo: mkazi awe yeyote atakayelala ndani ya mpaka usiku wa kuamkia uchaguzi. Alikuwa na ndugu ng'ambo ya milima, nao hawakukataa kamwe mwaliko wenye mifupa.

"Sheria hiyo haitakuponza?" Sungura aliuliza kwa upole mno.

"Itawaponza wasio na ndugu," Fisi akajibu. Simba akaunguruma, sheria ikapita.

Aliyejitokeza kushindana naye alikuwa Mama Swala, mjane, na aliyemfanya mjane ndiye huyo huyo Fisi aliyekuwa akiomba kura yake. Alisimama mkutanoni na mwanawe aliyekonda, akauliza, "Ukishinda, kisima kitakuwa cha wote?"

"Cha wote, dada yangu. Ninachoomba ni mnikaribie tu."

Mama Swala akamvuta mwanawe nyuma.

Wiki ya uchaguzi mvua ya kwanza ikanyesha. Fisi akashangilia kwamba hata mbingu zinampigia kampeni. Ndugu zake wakaingia kwa makundi, wakala, wakalala.

Kura zilipigwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Asubuhi Fisi aligeuka, akaona ndugu zake wamejaa, wengine wakiwa bado wanatafuna. Akacheka kile kicheko chake. Kisha akautazama mstari wa Mama Swala. Ulivuka vichuguu, ukavuka uwanda, ukapotelea upeoni. Nyumbu walikuwa wamerudi kwao kufuata harufu ya mvua, matope yangali kwatoni.

"Hao si wakazi!" Fisi akabweka. "Wamekuja jana!"

"Wamelala wapi?" Sungura akauliza.

Fisi akautazama uwanda, alioutia jimboni kwa pua yake mwenyewe. "Mfalme, sheria ibadilishwe!"

"Nikishaunguruma nimeunguruma," Simba akasema, naye akaenda kuweka jiwe lake la msingi kwenye kisima kilichokwisha kuchimbwa.

Ndugu wa milimani walimaliza mifupa, wakaondoka bila kuaga. Kufikia adhuhuri koo lilikuwa limemkauka Fisi kwa kelele. Akaenda kisimani, akapanga foleni mwisho kabisa, nyuma ya nyumbu wote, wala yeye hakuthubutu kumgusa hata mmoja wao. Jua lilikuwa linazama zamu yake ilipofika.

"Maji ni ya wote, kaka yangu," Mama Swala akamwambia, mkono juu ya mfuniko. "Ila wewe usinikaribie. Utasogezewa."

Fisi akanywa kwa mbali, kichwa chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe.