Taa za Nyuma za Ezekia Chaula

Taa ya mbele ni yako, ya nyuma ni ya mwenzio. Mmesikia mwenyekiti akiambiwa hivyo jana mkutanoni, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Msidhani ni ya wahenga wa enzi za mikuki. Ilitoka kwa mtu mwenye Landrova, na waliokuwapo siku ile wengi wangali hai.

Mtu huyo ni Ezekia Chaula, wa huku huku kwetu Makete. Landrova yake ilikuwa kuukuu lakini ngumu. Ilipanda milima iliyoyashinda magari mapya. Ubovu wake ulikuwa macho. Taa zake za mbele zilitoa mwanga hafifu wa kibatari, na watu walimtania kwamba gari lake linapapasa njia kama mzee aliyepoteza miwani. Ezekia alicheka nao, ila moyoni ilimchoma.

Nanyi mnaijua njia yetu miezi ya baridi. Ukungu ukishuka mlimani, hata saa nne asubuhi humwoni mtu uliyemshika mkono. Kwa hiyo magari hayaendi moja moja. Hukusanyika, huchagua kiongozi, na kila dereva hufuata zile taa nyekundu za aliye mbele yake. Kabla ya kuondoka, kiongozi huchukua kitambaa, huzunguka nyuma ya gari lake, na kuzifuta taa zake za nyuma watu wote wakimtazama. Hicho ndicho kiapo chetu. Akishazifuta, hakuna anayemuuliza neno.

Miaka yote kiongozi alikuwa Mzee Mbilinyi na pikapu yake ya mwendo wa kinyonga. Ezekia alichoka kuwa mkia. Ilipofika zamu ya Tulizo, binti wa dada yake Yusta, kuolewa ng'ambo ya mlima, akajiambia: safari hii mjomba mtu atatangulia. Siku mbili kabla ya harusi akaipeleka Landrova kwa fundi Mgaya.

Fundi akang'oa zile taa za kibatari, akaweka mpya kubwa. Juu ya paa akafunga nyingine nne, nyeupe, kali. Zilipowashwa mchana ule ule, kuku walikimbia. Ezekia alizitazama mpaka machozi yakamlenga.

"Za mbele tumemaliza," fundi akasema. "Lakini za nyuma zimekufa, Bwana Chaula. Panya wametafuna waya wote. Niachie gari hadi kesho jioni, nikutandikie waya mpya."

Kesho ilikuwa siku ya gulio, na Ezekia alitaka gulio zima limwone.

"Nyuma nimeshapita, fundi," akasema. "Mimi naenda mbele."

Asubuhi ya harusi jua liliwaka vizuri kijijini. Wanawake walipoziona taa za paani walipiga vigelegele kama vile bwana harusi ni yeye. Mzee Mbilinyi akazitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi tangulia, mwanangu. Macho yako sasa yanayashinda yangu."

Akampa kitambaa.

Hapo, wajukuu zangu, Ezekia alikuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha: "Jamani, za nyuma haziwaki." Wangemtania kidogo, Mbilinyi angetangulia, na mambo yangekwisha. Lakini watu wote walikuwa wamesimama wakimtazama. Ezekia akazunguka nyuma ya Landrova, akainama, akazifuta taa zilizokufa. Akazifuta polepole, moja baada ya nyingine, mpaka zikang'aa.

Wakaondoka. Nyuma yake ilifuata pikapu ya shemeji yake, Lupyana Sanga, mume wa Yusta. Yusta aliketi mbele na mumewe, na nyuma walipakia masufuria na mikeka. Bibi harusi alipanda kwa Mzee Mbilinyi, gari la tatu.

Kileleni ukungu ukawapokea. Ezekia akawasha taa zake zote, na ndipo akajua kosa lake la kwanza. Mwanga ule mkali uligonga ukungu ukamrudia usoni, ukawa kama shuka jeupe lililotandazwa mbele ya kioo. Aliona kidogo kuliko enzi za kibatari. Ilimpasa azime zile za paani, lakini angezizimaje baada ya vigelegele vyote vile? Akaendelea kwa kuikumbuka tu njia.

Nyuma yake Sanga alitafuta wekundu, asiuone. Alichokiona ni weupe mkubwa ulioning'inia mbele. Wakafika kwenye kona kali, juu ya mashamba ya viazi. Ezekia, aliyeijua ile kona, akaanza kukata. Lakini mwanga wake ulikuwa umeujaza ukungu wa mbele moja kwa moja, kule bondeni kusiko na njia. Sanga akaufuata mwanga.

Ezekia alisikia mlio wa masufuria yakiporomoka. Akasimama, akarudi mbio. Pikapu ililala ubavu katikati ya matuta ya viazi. Sanga alikuwa ameshatoka, anamvuta mkewe. Mkono wa kulia wa Yusta ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko.

"Shemeji, ulikuwa wapi?" Sanga akauliza kwa sauti iliyokauka.

"Nilikuwa mbele yako."

"Mbele wapi? Nimetafuta taa zako mpaka macho yameniuma. Nikaona mwanga, nikasema ndiye huyo, nikaufuata."

Mzee Mbilinyi alikuwa amefika. Alipanda mpaka ilipo Landrova, ikinguruma bado, akatazama nyuma yake, akarudi. "Haziwaki," akasema.

"Labda waya umekatika njiani," mtu mmoja akamtetea. "Njia yenyewe hii ya makorongo."

Wote wakamgeukia Ezekia.

"Labda," akasema.

Yusta aliinua uso. Hakuwa akilia. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuona ukizifuta."

Ezekia aliinama, akaanza kuokota masufuria. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na alitamani ardhi ile ya viazi immeze.

Yusta akapelekwa zahanati. Landrova ikaachwa pembeni ya njia, maana gari lisilo na taa za nyuma haliwezi hata kuwa la mwisho katika ukungu: lijalo nyuma litaligonga. Mjomba wa bibi harusi akaingia ukweni amekalia masufuria yaliyobonyea, nyuma ya pikapu ya Mzee Mbilinyi.

Baada ya ibada, watu wakala. Kisha ikafika zamu ya mjomba kumpa bibi harusi nasaha, na kwa desturi yetu mjomba huchekesha. Yusta alikuwa amesharudi, mkono umefungwa kwenye khanga. Ezekia akasimama, akavua kofia, akawa anaizungusha tu mikononi.

"Sema, mjomba," Tulizo akamhimiza.

"Mwanangu," akasema, "asubuhi niliulizwa, nikasema labda. Hakuna cha labda. Fundi aliniambia taa zangu za nyuma zimekufa. Nilijua, na bado nilizifuta mbele ya mama yako. Nilinunua taa sita za kunionyesha mimi njia, nikamnyima yeye mbili za kumwonyesha mimi niko wapi." Akamtazama Yusta, kisha akamrudia Tulizo. "Huko unakokwenda utakuwa na watu nyuma yako, watakufuata kwa kukuamini tu. Taa ya mbele ni yako, mwanangu. Ya nyuma ni ya mwenzio."

Hakuna aliyepiga kigelegele wala makofi. Ezekia alibaki amesimama, kofia mkononi, hajui aketi wapi. Ndipo Yusta akasogea kwenye benchi, akaligonga kwa mkono wake mzima.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Unikatie nyama, mimi siwezi."

Ezekia akaketi, akamkatia dada yake nyama kipande kwa kipande, machozi yakimdondokea sahanini, na hakuna aliyemcheka. Tangu siku ile, huku kwetu, mtu akipewa kutangulia huambiwa maneno yale yale: taa ya mbele ni yako, ya nyuma ni ya mwenzio.