Mpunga wa Bi Panya Uliokunywa Chumvi

"Hadithi yaja!"

"Ije tuione!"

"Yaja na chumvi!"

"Tutaila hivyo hivyo!"

Aliyemwambia Bi Panya kwanza habari za mpunga wa chumvi ni Shangazi Kaa. Bwana Kiboko alikuwa amejitwalia bonde lote la mpunga. Bi Panya alibakiwa na kipande kando ya tuta la kuzuia bahari, penye chumvi, na wanawe walilia njaa.

"Mwanangu," akasema Shangazi Kaa, "kule mikokoni kuna mpunga unakunywa maji ya bahari na haufi."

Bi Panya akaenda, akaonja. Loo! Punje ngumu kama changarawe! Wake ulikuwa mtamu, lakini ukiguswa na chumvi tu, chali.

Akafikiri. Mipunga yote miwili ilipochanua, akachovya mkia kwenye maua ya ule mgumu, akaupangusa kwenye maua ya ule mtamu. Chwi, chwi, chwi! Akapanda mbegu zake, akazimwagia maji ya chumvi. Uliokufa, akaung'oa. Uliopona, akaupanda tena. Akamwagia tena. Uliokufa, akaung'oa. Uliopona, akaupanda tena. Mpaka akapata mpunga mtamu usioogopa bahari.

Dubwi! Dubwi! Bwana Kiboko huyo.

"We kipanya! Vuna huo mpunga uniletee wote!"

"Bwana mkubwa, wanangu watakula nini?"

"Unanijibu? Nitakukomesha!"

"Nikomeshe upendavyo, bwana, ila tuta usilivunje! Leo bamvua, bahari imejaa pomoni. Nakuomba, tuta usilivunje!"

"Ahaa!" akacheka Kiboko. Akalikanyaga tuta, pu! Maji yakaingia, shwaaa!

Kwa hasira hakukumbuka kwamba bonde lote ni lake.

Mpunga wa Kiboko ukanyauka wote. Wa Bi Panya ukasimama, unayumba na upepo.

Haukupita muda, Kiboko akabisha hodi, tumbo limemshuka.

"Dada yangu Bi Panya..."

"Juzi kipanya, leo dada?"

"Njaa haichagui ndugu, dada."

"Unajua kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga?"

"Mimi? Na unene huu?"

"Ndiyo vizuri. Watakuona mapema."

Basi watoto, funzo ni hili: msiwadanganye wakubwa. Bi Panya hakudanganya. Aliomba kwa adabu, mkubwa akakataa mwenyewe. Hadithi imeisha: mwenye meno aitafune, mwenye pengo aimung'unye.

"Na asubuhi yake?"

Asubuhi yake Bi Panya alipika wali, wanawe wakala wakashiba. Kisha akakwangua ukoko, akampelekea bwana mkubwa shambani.