Koo Lililofunguliwa

Hapo zamani, na zamani hiyo haikuwa ya raha, msidanganyike, watu arobaini na mmoja walipanda mlima wa mawe wakiwakimbia wawindaji wa watu. Mbuzi waliwaacha, kwa sababu mbuzi hana adabu, hulia popote. Mbwa waliwaacha. Kuku waliwachukua, maana kuku ukimfunika hujinyamazia mwenyewe. Lakini majogoo, wote kumi na wawili, walinyongwa pale chini kabla mtu hajakanyaga jiwe la kwanza. Aliyeamuru hivyo ni Mwadime, mkubwa wao, na siku hiyo hiyo akaweka sheria moja tu.

"Aletaye sauti atashuka nayo."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kushuka ni kwenda kutiwa shingo kwenye minyororo.

Siku ya nne wawindaji walipita chini ya mlima. Mtu akanong'ona, "Wanakuja!" Basi ikawa heka heka, huyu anamkanyaga yule, na mtoto mchanga wa Mkamburi akashtuka usingizini akafungua kinywa. Mkamburi akakiziba kwa kiganja. Wawindaji walikuwa wengi na walitembea polepole, wakapumzika, wakanywa maji, ndipo wakaenda zao. Mkamburi alipoondoa mkono, mtoto hakuwa na haja tena ya kunyamazishwa.

Wakabaki arobaini. Na wale watu wakampitia Mkamburi mmoja mmoja, wakamshika ule mkono, wakamwambia ahsante. Ndiyo, ahsante! Mimi nikifika hapa huwa natamani kuiruka sehemu hii, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi si mtu wa kuwapamba watu.

Sasa, aliyekuwa akitunza kuku kule juu ni mwanamke aitwaye Mghoi. Mumewe, ambaye alikuwa ndugu yake Mwadime, alichukuliwa katika uvamizi wa kwanza, kule chini kijijini. Alichobakiwa nacho ni binti wa miaka minne, Saru, na mlimani njaa ilimpata Saru kuliko wengine wote. Miguu ilimvimba. Nywele zikawa nyekundu, zikawa zinatoka mkononi ukimpapasa. Alikuwa hachezi wala halii. Yai moja kila siku ndilo lililomshikilia.

Lakini kuku walikuwa wanakwisha. Nguchiro alikula wawili, nyoka mmoja, uzee ukachukua wengine. Kumi na mmoja wakawa sita. Nao waliatamia, masikini, kwa bidii yao yote. Kuku anakaa siku ishirini na moja hajala akashiba, kisha anasimama juu ya mayai yaliyooza. Bila jogoo angeangua nini? Mghoi alikuwa akiyatupa yale mayai mbali, huku akihesabu kichwani siku za Saru.

Akamwendea Mwadime.

"Shemeji, makoo wangu, hawa kuku wa kutaga, wamebaki sita. Wasipopata jogoo, hatutaona kifaranga, na hawa wakizeeka hatutaona yai. Saru simwoni akivuka."

"Wewe una makoo sita," akasema Mwadime. "Mimi nina makoo arobaini, ya watu, na kazi yangu ni kuyanyamazisha. Unataka niongeze koo moja lisilosikia amri?"

"Nataka pora, shemeji. Kijogoo kichanga ambacho hakijajua kuwika. Akae siku kumi na makoo, siku ya kumi na moja tumnywe supu."

"Na akijifunza kuwika siku ya tano?"

"Nitamshika koo mimi mwenyewe."

Mwadime hakuamua peke yake. Akawaambia watu wazima waje mmoja mmoja, kila mtu atoe sauti yake, na kwa kuwa kule juu sauti ilikuwa haramu, kila mtu alimnong'oneza sikioni. Watu wazima walikuwa ishirini na sita. Ishirini na watano walisema jogoo aletwe. Wengi walikuwa na watoto, na wote walikuwa wamemwona Saru. Mmoja tu alikataa, naye hakunong'ona sikioni, alisema mpaka walio karibu wakasikia. Ni Mkamburi.

"Mwanangu hakuruhusiwa," akasema. "Jogoo ana nini?"

Lakini hesabu ni hesabu, na jogoo akaagizwa.

Aliyetumwa ni Mwakio, kijana mwenye mbio, aliyekuwa na mke hapo mlimani. Alishuka mpaka kwenye kijiji chao kilichokuwa magofu, akakawia siku mbili, akarudi na mfuko wa ngozi unaocheza. Watu wakakusanyika. Mghoi akatia mkono mfukoni mbele yao wote, akapapasa upanga wa kichwani, mnene. Akapapasa mguu, akakuta kucha ya nyuma ndefu kama pingili ya kidole. Mwanamke huyu alikuwa amefuga kuku tangu utoto. Huyo hakuwa pora. Huyo alikuwa jogoo kamili, tena mwenye miaka yake.

Akamtazama Mwakio. Mwakio akatazama mawe.

"Pora mzuri," akasema Mghoi.

Basi akamsukia tenga, fupi kiasi kwamba jogoo akifunikwa hawezi kunyoosha shingo, na asiyenyoosha shingo hawiki. Humo ndimo alimolala. Mchana alimtoa akae na makoo, lakini amemfunga kitambaa shingoni, kimekazwa ili sauti isipite na pumzi ipite. Jogoo alikuwa akipanda juu ya jiwe, anakunjua mabawa, anafungua mdomo, na kinachotoka ni mkwaruzo tu. Watoto walimcheka kimya kimya, mikono midomoni.

Siku ya tatu makoo wote walikuwa wameshapandwa. Siku ya tano mmoja akaanza kuatamia mayai tisa, yake na ya wenzake, ndani ya ufa wa jiwe. Siku ya nane jioni jogoo alitoa mlio, mfupi, kama mtu anayesafisha koo. Watu wote waligeuka kumtazama Mghoi. Mghoi akaona aibu, akaona na hofu, akamshika jogoo akakikaza kitambaa raundi moja zaidi.

Siku ya tisa asubuhi, jua likiwa limeshatoka, Mghoi alimfunga Saru mgongoni akaenda kuchota maji upande wa pili wa mawe. Bado siku moja. Siku moja tu, mnanisikia?

Mwadime alikuwa juu ya jiwe la ulinzi. Akaona vumbi. Chini ya vumbi akaona watu, na minyororo ikimetameta. Wanapita, hawapandi. Mdomo wake ulikuwa tayari kusema, "Wanakuja," akaikumbuka siku ya nne, na heka heka ile, na kile kiganja. Akaumeza ule ujumbe. Akasema moyoni, wakiwa hawajui watakuwa kimya, waache hivyo hivyo.

Kule chini ya jiwe Mkamburi alikuwa amekaa peke yake akichambua mbegu. Jogoo akapita mbele yake, akayumba, akaanguka ubavu. Mdomo wazi. Ulimi umetoka, umekuwa mweusi. Miguu inapiga chini, inapiga, na hakuna sauti hata kidogo. Mkamburi alikuwa ameshaiona miguu ikipiga namna ile, midogo zaidi ya hiyo, mapajani pake. Akatupa ungo. Akamnyakua jogoo, vidole vikagombana na fundo, likafunguka. Akampulizia pumzi mdomoni.

Jogoo akasimama. Akajikung'uta. Alikuwa na siku tisa za kuwika ndani yake yule kiumbe! Akawika mara tatu, na mawe yakairudisha kila moja.

Sitawasimulia yote. Wawindaji walipanda. Walichukua watu ishirini na watatu, akiwemo mke wa Mwakio. Waliua wawili waliojaribu kuwazuia. Makoo watano waliwatia mfukoni, na jogoo mwenyewe walimchoma wakamla palepale. Hawakumwona tu yule koo aliyekuwa ufani, kwa sababu hakuinuka wala hakutoa kauli. Mghoi alijibanza penye maji amemlalia mwanawe, akasikia kila kitu. Walipoondoka, watu kumi na watano walitambaa kutoka mashimoni.

Majuma mawili na siku tatu hawakusemezana, kwa woga na kwa huzuni. Kisha Mwadime akawaita.

"Sheria ilitungwa kabla ya msiba," akasema. "Aletaye sauti atashuka nayo. Leo, kabla jua halijazama, mtu mmoja atashuka. Nani ameileta ile sauti?"

Macho yote yakaenda kwa Mwakio kwanza. Na Mwakio, ambaye alikuwa hajala vizuri tangu mkewe achukuliwe, akasema kwa hasira:

"Mliniagiza pora. Mnadhani kule chini kuna soko? Kijiji kizima alibaki jogoo huyo mmoja, anakula makombo ya maiti. Ningerudi mikono mitupu mngesema nimeogopa. Na sikumficha. Nilimpa huyu mama mfuko mbele yenu, akapapasa, akasema pora. Mwenye kuku ni nani, mimi au yeye?"

Mghoi alihisi Saru akipumua mgongoni. Alijua hesabu yake vizuri. Yeye akishuka, Saru hawezi kushuka naye, na hawezi kubaki bila yeye. Angeweza kusema alidanganyika. Nani angembishia? Mkono ndani ya mfuko hauna shahidi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua nilipogusa mguu wake. Nikanyamaza, kwa sababu ningesema mngemrudisha, na mwanangu angekufa. Hilo ni langu. Lakini niliomba mbele yenu, na sauti zilizomleta ni zenu ishirini na tano. Mkaniambia asisikike, na siku saba hakusikika. Nilikikaza kitambaa kwa sababu mlinitazama vile. Mimi sikuifungua ile sauti. Mimi ndiye niliyeifunga."

Mwadime akavuta pumzi. Yeye ndiye hakimu na hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote, kwa hiyo walishangaa alipoanza.

"Niliwaona," akasema. "Niliwaona kabla ya jogoo kuwika. Muda ulikuwepo wa kumtia jogoo tengani, hata wa kumnyonga. Sikusema. Mara ile ya kwanza tulionyana, na mnajua kilichotokea." Hakuweza kumtazama Mkamburi. "Nilisema moyoni, neno langu lisije likaua mtoto wa pili. Nikanyamaza kama sheria yangu inavyotaka. Sasa niambieni, anayenyamaza huwa ameleta sauti?"

 Akabaki Mkamburi. Alisimama akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yao, kiganja juu.

"Ni mimi niliyefungua," akasema. "Sikatai, na sikujua kama wako chini. Lakini hata ningejua, sijui kama ningeweza kumwacha afe. Mimi ndiye niliyesema jogoo asije, mkacheka moyoni. Haya, mtazameni mkono huu. Siku ya nne uliziba koo, na mkaja mmoja mmoja mkaushika mkasema ahsante. Siku ile ya jogoo ulifungua koo, na leo mnautaka ushuke. Nitashuka mkisema nishuke. Niambieni tu kwanza, mkono huu ulikosea siku ipi?"

Ikawa kimya, kile kimya walichokizoea.

Na ndani ya kimya hicho, kutoka kwenye ufa wa jiwe, kikasikika kitu. Piu. Kisha tena, piu, piu. Mayai ya yule koo wa mwisho yalikuwa yanapasuka. Mghoi alijua bila kutazama. Tisa. Tisa wanatosha kumvusha Saru, na kuwavusha na watoto wengine watatu waliobaki. Na katika hao tisa, alijua pia, wamo majogoo.

Saru akasikia. Akainua kichwa chake kile chenye nywele chache, akaangalia ufani, na mtoto ambaye miezi mingi hakutoa hata kilio, akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtoto mzima kabisa, mpaka kikagonga kwenye mawe.

Wote wakageuka. Mkono wa Mghoi ukainuka kuelekea mdomo wa mwanawe, ukafika karibu. Mkamburi akautazama ule mkono.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo, na sheria ilitaka mtu mmoja.

Hadithi yangu inaishia kwenye huo mkono, kwa sababu mimi nimeibeba miaka mingi na nimechoka kuiamua peke yangu. Ninyi hamko mlimani, hakuna anayewakataza kusema. Basi toeni sauti zenu. Aliyeomba jogoo na kujua ni jogoo, aliyemleta, aliyeona vumbi akanyamaza, au aliyemhurumia: je, nani alistahili kushuka?