Ukoko wa Harusi ya Shamsa

“Mbana nauli hula ukoko.” Mnauliza imetoka wapi, huku mnacheka? Chekeni tu. Methali hii ilizaliwa safarini, nami nilikuwemo, na hadi leo nikiikumbuka nashikwa na hasira.

Kaka yangu Badru, wakati huo tukiishi Dar es Salaam, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Shamsa, kwetu Bukoba. Shamsa alimwomba jambo moja tu: “Baba, usimwachie mtu. Siku ya kuozeshwa, ushike wewe mwenyewe mkono wa bwana harusi.”

Ndege ya moja kwa moja ilikuwepo. Badru akaiona ghali. Akapekua simu wiki nzima, akapata ya bei chee ya kutushusha Mwanza, jioni ya kuamkia harusi. Tukalala gesti isiyo na maji, eti tumeokoa. Asubuhi akakodi gari bovu kuliko yote.

“Kaka, lina tairi la akiba?”

“Lenye tairi la akiba wanaongeza elfu ishirini. La nini, dada? Lami tupu mpaka Bukoba!”

Jamani! Hata Biharamulo hatujafika, pancha. Tukakaa kando ya barabara masaa matatu tukimsubiri fundi, Badru kavaa kanzu na joho, jasho linamtiririka. Simu ikaita. Ni mdogo wetu Twaha, yuko harusini.

“Kaka, mko wapi? Shehe ana harusi nyingine, na bwana harusi ameshakaa mkekani.”

Badru akanitazama. Nikampa kisogo. Nilikuwa nimeudhika mno.

“Nakupa uwakili, Twaha,” akasema. “Shika wewe huo mkono.”

Tulifika magharibi. Turubai limeshakunjwa, Shamsa kapelekwa kwa mumewe. Mpishi akakwangua sufuria la pilau, akamletea baba wa bibi harusi sahani ya ukoko. Hajaugusa, Shamsa akapiga simu.

“Baba, umefika? Umekula?”

“Nakula, mwanangu.”

“Nilikuwa natazama mlangoni mpaka wakanipandisha gari.”

Badru akanipa mimi simu. Akavunja kipande cha ukoko, akakitafuna machozi yakimtoka.

“Dada,” akasema, “waambie watoto wetu wote. Mbana nauli hula ukoko.”