Uyoga wa Kahawia na Mwana wa Funo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Anayeogopa na amshike mwenzake mkono, maana huko tuendako kuna giza mchana.

Hapo zamani za kale njaa iliingia msituni. Majani yakakauka. Matunda yakaisha. Mama Funo, paa mdogo wa vichakani, alikuwa na mwana mmoja tu, Tindo. Mbavu za Tindo zilihesabika. Miguu yake ilitetemeka, tete, tete, tete.

Asubuhi moja ya ukungu, uyoga ulikutwa kwenye gogo bovu. Uyoga wa kahawia, mnene, wa baridi. Hauna jani, hauna ua. Hakuna aliyeuona ukiota.

"Hicho ni chakula cha wafu!" akasema Nyani, mkubwa wa msitu. "Msiguse!"

Tindo hakusikia la mtu. Akautafuna mbichi, nya, nya, nya. Akala, akashiba. Na mwenye njaa ya siku nyingi akishiba hufanya nini? Hulala! Tindo akalala fofofo.

Nyani akamsukuma. Kimya. Akamvuta sikio. Kimya.

"Amekufa. Tumfukie upesi, asije akatuita tumfuate kwa wafu."

Mama Funo aliogopa mno. Hata sikio hakuliweka kifuani mwa mwanawe.

"Mfukieni," akasema.

Wakamlaza kwenye uwazi chini ya gogo, wakammwagia majani na udongo, wakakimbia.

Siku ya tatu Mama Funo alishindwa kuvumilia. Akarudi, Nyani nyuma yake. Chini ya udongo kulikuwa na sauti. Nya. Nya. Nya.

"Mzimu!" Nyani akapiga yowe, akatoweka.

Mama Funo alitaka kukimbia. Badala yake akainama. Akafukua, kwaru, kwaru, kwaru. Jicho likamtazama.

"Mama," akasema Tindo, mdomo umejaa uyoga, "mbona mlinifukia nikiwa nimeshiba?"

Akasimama. Hakutetemeka tena. Manyoya yaling'aa. Uyoga ule mbichi, uliokuwa umejaa hata chini ya gogo, ulikuwa na maji ya kukata kiu na nguvu ya kujenga mwili, ndio uliomweka hai.

"Kula, mama. Ni mtamu."

Mama Funo akala huku analia. "Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, mama."

Lakini tangu siku hiyo, Tindo hakulala tena mama yake akiwa macho.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni: jambo usilolijua lichunguze kwanza, usiuachie woga ukuamulie, hasa likimhusu umpendaye.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya gogo. Haya, achianeni mikono.